Mahakama ya Ngawira: Historia Fupi ya Chombo Kilichotunza Meli za Adui

Tarehe 4 Septemba 1914, mwezi mmoja kamili baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, Jaji Sir Samuel Evans aliketi London kusikiliza shauri la Chile, meli ya Kijerumani iliyokamatwa katika bandari ya Cardiff. Mahakama aliyoifungua siku hiyo ilikuwa haijakaa tangu Vita vya Crimea, karibu miaka 60 nyuma. Hulala wakati wa amani na kuamka vita vinapoanza, na kazi yake ni kuamua meli na shehena zilizotekwa baharini ziwe za nani. Hiyo ndiyo Mahakama ya Ngawira ya Uingereza, tawi la mahakama ya kale ya masuala ya bahari.

Msingi wake ni kanuni moja: aliyeteka meli hana meli. Manowari ikishaikamata meli ya adui, nahodha wake haruhusiwi kugusa hata gunia moja la sukari mpaka jaji atamke kwamba ngawira ni halali. Kati ya siku ya kutekwa na siku ya hukumu hupita wiki, miezi, pengine miaka. Muda wote huo mali ina wengi wanaoimezea mate, na mwenyewe hayupo. Historia ya taasisi hii kwa sehemu kubwa ni historia ya muda huo: nani alishika ufunguo wa ghala, na akaufanyia nini.

Kutoka baharini hadi mnadani

Utaratibu uliotumika katika karne ya 17 na ya 18 ulikuwa na hatua zinazoeleweka. Meli ilipelekwa kwenye bandari ya Uingereza ikiwa na shehena yake yote. Hati zote zilizokutwa ndani, kuanzia orodha ya mizigo hadi barua za mabaharia, zilikabidhiwa mahakamani. Nahodha na watu wawili watatu wa meli waliapishwa na kuulizwa maswali yaliyoandikwa kabla, yale yale kwa kila meli: umezaliwa wapi, meli ni ya nani, imetoka wapi, inaelekea wapi, je, kuna karatasi zilizochomwa au kutupwa baharini? Tangazo lilibandikwa Royal Exchange, mahali walipokutana wafanyabiashara wa London, likimtaka kila mwenye madai ajitokeze.

Asipotokea mtu, au madai yakishindwa, jaji alitoa hukumu na mali ikapigwa mnada. Mara nyingi mnada huo ulikuwa wa mshumaa. Kipande kifupi cha mshumaa kiliwashwa, watu wakataja bei, na wa mwisho kusikika kabla mwali haujazimika ndiye aliyechukua. Samuel Pepys, karani wa Bodi ya Jeshi la Majini, alihudhuria mnada wa aina hiyo wa vyombo vya jeshi mwaka 1662. Aliandika kuhusu mnunuzi mmoja aliyewazidi wenzake ujanja. Mtu huyo alikuwa amegundua kwamba mshumaa unapokaribia kufa moshi wake hushuka, basi aliutazama moshi na kunyamaza mpaka sekunde ya mwisho.

Karafuu za mwaka 1665

Kila vita vilipozuka, serikali iliunda tume ya kusimamia ngawira. Katika vita vya pili dhidi ya Waholanzi, Mfalme Charles II alimfanya Lord Ashley mweka hazina wa ngawira, na akaagiza hesabu zake ziletwe kwa mfalme peke yake. Fedha za vita zikawa zimewekwa mbali na macho ya Bunge tangu mwanzo.

Septemba 1665 kundi la manowari chini ya Edward Montagu, Earl wa Sandwich, lilikamata meli mbili kubwa za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, Phoenix na Slothany. Ndani yake mlikuwa na hariri, pilipili manga, kungumanga na karafuu. Zanzibar wakati huo ilikuwa bado haijapata sifa ya karafuu. Hizi zilitoka visiwa vya Maluku, na bei yake Ulaya ilikuwa ya kutisha. Sandwich hakungoja hukumu. Alifungua shehena na kuwagawia maofisa wake wakuu, naye akajitengea fungu. Novemba, Pepys alipoitembelea moja ya meli hizo huko Erith, kwenye mto Thames, alikuta viungo vimemwagika kila mahali: alikanyaga pilipili sakafuni, na katika vyumba vya chini alitembea ndani ya karafuu na kungumanga zilizompita magoti. Yeye mwenyewe alikuwa ameshanunua sehemu ya mali hiyo ili aiuze kwa faida. Kashfa ilipofumuka, Sandwich aliondolewa njiani kwa kupelekwa Hispania kuwa balozi.

Mabaharia wa kawaida, ambao ndio waliopigana, waliona kila kitu. Wengi wao mishahara yao ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi.

Sheria ya 1708

Baadaye Bunge lilichukua hatua ya kushangaza. Sheria ya mwaka 1708 iliamua kwamba thamani yote ya ngawira, baada ya hukumu, iende kwa walioiteka. Thamani hiyo iligawanywa katika sehemu nane. Nahodha alichukua sehemu tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya amiri wake kama alikuwa chini ya amri yake. Maofisa wa ngazi mbalimbali wakapata sehemu tatu. Mabaharia wote waliobaki, mamia ya watu, waligawana sehemu mbili. Mwaka 1808 mgawo ulirekebishwa: nahodha akabakiwa na sehemu mbili na mabaharia wakapewa nne.

Mfano uliosimuliwa mabandarini kwa vizazi ni wa Hermione, meli ya Kihispania iliyokamatwa karibu na Cadiz mwezi Mei 1762 na manowari Active na Favourite. Hazina yake ilipita katika mitaa ya London hadi ngome ya Tower ikiwa imepakiwa kwenye magari 20 ya kukokotwa. Thamani yake ilikuwa zaidi ya pauni 500,000. Kila nahodha kati ya wale wawili alipata takriban pauni 65,000, na kila baharia wa kawaida kama pauni 480. Baharia mzoefu wakati huo alilipwa shilingi 24 kwa mwezi wa wiki nne, kwa hiyo siku moja ya bahati ilimpa mshahara wa miaka 30.

Bahati kama hiyo ilikuwa adimu. Walio wengi walisubiri miaka mingi wakala wa ngawira amalize hesabu zake. Wakiwa na njaa waliuza haki zao kwa wakopeshaji wa bandarini kwa bei ya kutupa.

Mlinzi anapojilipa

Mwaka 1795 majeshi ya Ufaransa yaliiteka Uholanzi. Serikali ya Uingereza ikazizuia meli za Kiholanzi zilizokuwa katika bandari zake, ikateua makamishna watano wa kutunza na kuuza mali hiyo. Uteuzi haukuwawekea mshahara. Makamishna walijiamulia wenyewe: wakajikatia asilimia 5 ya mauzo, na fedha ambazo zingepaswa kuingia hazina ya taifa wakazishikilia kwenye benki binafsi, zikawazalia riba. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka kamati ya Bunge ya matumizi ya umma ilipoianika mwaka 1808 na 1809. Mmoja wa makamishna hao, John Bowles, alikuwa mwandishi maarufu wa vijitabu vya kukemea uovu na mwanachama wa chama cha kupambana na maovu ya jamii. Fisi alikuwa amepewa bucha, tena fisi anayehubiri kufunga.

Miaka ile ile Lord Cochrane, nahodha machachari na mbunge, alikuwa akipambana na mahakama ya ngawira ya Malta. Alidai kwamba pale mtu mmoja alikuwa ofisa wa mahakama na wakati huo huo wakili wa wateka meli, akitoza ada ya kujishauri mwenyewe. Mwaka 1811 alikwenda Malta, akaichukua orodha ya ada mahakamani, akafungwa na kutoroka. Aliporudi London aliunganisha kurasa za ankara aliyotozwa na mahakama hiyo na kuikunjua mbele ya wabunge, ikanyooka sakafuni ukumbini.

Pwani yetu nayo ilionja utaratibu wa namna hii, ingawa haikuwa wakati wa vita. Katika miaka ya 1860 Uingereza iliweka Zanzibar mahakama ya bahari ya kuhukumu majahazi yaliyokamatwa kwa tuhuma za kubeba watumwa. Manowari zilipata pauni 5 kwa kila mtumwa aliyekombolewa, au pauni 4 kwa kila tani ya jahazi lisilo na watumwa. Majahazi mengi yalichomwa moto baharini kwa madai kwamba hayawezi kufika bandarini. Hivyo mahakama ilitegemea vipimo na viapo vya wale wale waliokuwa wanadai malipo. Manahodha wa majahazi halali walilalamika, na ni vigumu kuwalaumu.

Jaji mbele ya mfalme

Heshima ya taasisi hii ilijengwa na majaji wachache. William Scott, baadaye Lord Stowell, aliongoza mahakama kuanzia 1798 hadi 1828. Mwaka 1799, katika shauri la meli ya Kiswidi Maria, alieleza kwamba ingawa ameketi London, anapaswa kuamua vile vile ambavyo angeamua kama angekuwa ameketi Stockholm, kwa sababu sheria anayoitumia ni ya mataifa yote. Katika shauri lenyewe Waswidi walishindwa, lakini kipimo alichokiweka kilibaki.

Kipimo hicho kilijaribiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Zamora, meli ya Uswidi iliyokuwa ikipeleka shaba Stockholm kutoka New York, ilikamatwa mwaka 1915. Jeshi liliitaka shaba hiyo kabla ya hukumu, likitegemea amri iliyotolewa kwa jina la mfalme. Mahakama ya kwanza ilikubali. Rufaa ilipofika kwenye Baraza la Mfalme mwezi Aprili 1916, Lord Parker alisema hapana: mahakama ya ngawira hufuata sheria ya mataifa, na amri ya mfalme haina nguvu ya kuibadilisha sheria hiyo. Uingereza ilikuwa katikati ya vita vya kufa na kupona, na shaba ni malighafi ya risasi. Hata hivyo uamuzi huo ulisimama.

Hazina iliyobaki

Utaratibu wa kukusanya kila karatasi uliacha urithi ambao hakuna aliyeupanga. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London, kuna hati za takriban meli 35,000 zilizotekwa kati ya karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 19, pamoja na barua kama 160,000 ambazo hazikuwafikia wenyewe. Tangu 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, wanazipiga picha na kuziorodhesha.

Miongoni mwake zimo barua zilizoandikwa kwa mabaharia wa Galatée, meli ya Kifaransa iliyotekwa mwaka 1758 ikitoka Bordeaux kwenda Quebec. Mwanahistoria Renaud Morieux wa Cambridge alizikuta bado zimefungwa, na mwaka 2023 akachapisha utafiti wake juu ya barua hizo. Nyingi ziliandikwa na wake, mama na wachumba. Mke wa luteni wa kwanza alimwandikia mumewe, asijue kwamba tayari ni mfungwa wa Waingereza. Mke huyo alifariki mwaka uliofuata, na barua yake ikakaa zaidi ya miaka 250 bila kufunguliwa.

Malipo ya ngawira kwa mabaharia yalifutwa na sheria ya mwaka 1948, baada ya mgawo wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Mahakama yenyewe haikufutwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inaipa Mahakama Kuu mamlaka ya ngawira hadi leo, hata kama hakuna meli ya kuihukumu. Katika karne zake zote, taasisi hii ilitenda haki pale ambapo aliyekamata mali, aliyeitunza na aliyenufaika nayo walikuwa watu tofauti, na iliharibika kila mara walipokuwa mtu mmoja. Serikali yoyote inayokamata mali leo, iwe meli, magari au mifugo, inapaswa kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.