Mfuatano wa mistari katika herufi za Kichina

Mfuatano wa mistari (kwa Kichina: 笔顺, bǐshùn) ni utaratibu wa kuandika mistari inayounda herufi ya Kichina.

Kwa kawaida mwandishi huanza juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. Mstari wa mlalo hutangulia ule wa wima, kama katika 十 ("kumi"). Katika 国 ("nchi") huandikwa kwanza pande tatu za nje, kisha sehemu ya ndani. Mstari wa chini hufunga mwishoni.

Utaratibu hutofautiana kati ya nchi: katika 王 ("mfalme") mstari wa wima ni wa tatu nchini China, lakini wa pili nchini Japani.

Katika mwandiko wa haraka mistari huungana, hivyo mfuatano ukivurugwa herufi huwa ngumu kusomeka.