Ile "Wati 3000" Kwa Boksi: Historia Imenifunza Kusoma Fyuzi

Wasee, kabla utoe doo ya amplifaya na sabufa, wacha nikupigie stori kidogo.

Mwaka jana nilinunua amplifaya imeandikwa wati 3000, na sabufa mbili za inchi 12. Ndizo pesa zote nilikuwa nimebaki nazo baada ya kuacha chuo. Tulikubaliana na mjomba tufunge kwa gari yake, tuwe tunapiga muziki kwa harusi na ruracio. Siku ya kwanza, taa zilikuwa zinafifia kila besi ikigonga. Siku ya tatu, moshi. Mjomba hakunitusi. Alifunga boneti tu, akaenda zake. Hiyo kimya iliniuma vibaya.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, na kumbe shida yangu iko na karibu miaka 100.

Mwaka wa 1930, ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walitoa redio ya gari wakaiita Motorola. Paul akaendesha gari hadi Atlantic City, kwa mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda ndani. Akaegesha nje, akafungulia sauti mpaka watu wakaja wenyewe. Ukipita Railways jioni ukute nganya za Rongai zikishindana kwa besi, jua hiyo mbinu ni ya kitambo.

Lakini Galvin walikuwa na kizuizi: umeme. Redio zao zilitumia valvu zinazotaka volti nyingi, na betri za gari nyingi wakati huo zilikuwa za volti 6. Volti 12 zilikuja kuwa kawaida miaka ya 1950. Na leo? Bado ni 12, kama 14 hivi injini ikiwa inanguruma. Muziki umekua, betri imebaki pale pale.

Sasa piga hesabu. Wati ni volti mara ampea. Geuza amplifaya yako uangalie fyuzi. Yangu ilikuwa na moja tu, ya ampea 30. 14 mara 30 ni 420. Na huo ni umeme unaoingia, kabla mwingine upotee kama joto. Sasa hizo 3000 zinatoka wapi? Ukiwa dukani tafuta namba ya RMS, ndiyo nguvu amplifaya inaweza kutoa mfululizo. Ilingane na RMS ya sabufa, na omu zilingane pia. Ukipata amplifaya ya daraja D, bora zaidi, kwa sababu inapoteza umeme kidogo kuliko AB.

Kosa langu la pili lilikuwa boksi. Mwaka wa 1954, Mmarekani Edgar Villchur alileta spika ambayo hewa iliyofungiwa ndani ya boksi inafanya kazi ya springi. Boksi dogo, besi nzito. Mwaka wa 1961, Neville Thiele wa Australia akachapisha hesabu za boksi lenye tundu, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Ndiyo maana sabufa ya maana huja na karatasi inayosema boksi liwe na ukubwa gani. Langu fundi alilikata kwa macho. Waya naye akaweka nyembamba, na karibu na betri hakuweka fyuzi yoyote. Huo ndio moshi wenyewe.

Sitamlaumu fundi peke yake. Ile karatasi niliitupa na boksi, bila kuisoma. Fizikia niliyoikimbia darasani ilinipata chini ya boneti.

Mjomba nimemaliza kumlipa mwezi huu. Jana amenipa funguo tena, akasema, "Safari hii anza na waya."

Haya, wewe fyuzi yako inasema ngapi? Enda uangalie kwanza, ndiyo tuongee.