Wanaoisubiri Radi Wakiwa na Kalamu Mkononi

Ndugu msomaji, katika nchi ya Uingereza wapo watu wanaoingojea mvua ya radi kama sisi tunavyoingojea fainali ya mpira. Ifikapo mwezi Juni, jua likawaka siku tatu nne mfululizo na joto likapanda, wenzao hukimbilia ufukweni. Wao hutazama upande wa kusini, huzisoma ramani za hali ya hewa, hupigiana simu na kuulizana: leo itakuja au haitakuja? Ikija usiku hutoka kitandani kuhesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo. Isipokuja, hununa kama mtu ambaye timu yake imefungwa nyumbani.

Kwa mkazi wa mjini huku kwetu, hasa anayeishi bondeni, jambo hili laweza kuonekana kuwa ni mchezo wa watu walioshiba. Mvua kubwa kwetu ni daladala zisizopatikana, ni magodoro yaliyolowa, na mara nyingine ni msiba. Mimi kazi yangu ni redio, na najua kwamba taarifa ya hali ya hewa inapoanza baada ya habari, wengi hupunguza sauti. Hata hivyo, leo nataka kuwatetea hao wasubiri radi. Historia yao inaonyesha kwamba nchi yao inaijua mvua yake kwa sababu walikuwapo watu walioipenda kiasi cha kuiandika, siku baada ya siku, bila kulipwa.

Kwanza tuieleze radi yenyewe. Mvua nyingi ya Uingereza hutoka bahari ya Atlantiki. Hunyesha mara kwa mara, polepole, bila makelele. Radi ni mgeni wa majira ya joto, yaani kuanzia Juni hadi Agosti. Hewa yenye joto kali huondoka katika nyanda za juu za Hispania, ikavuka Ufaransa, ikatanda juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na ardhi ya Uingereza. Hewa hiyo ya juu hufanya kazi ya mfuniko wa sufuria. Chini yake joto linaongezeka na mvuke unakusanyika, lakini mfuniko unazuia. Siku unapofunuka, mawingu hupanda kilomita 10 na zaidi kwa muda mfupi na kumwaga yote kwa mara moja. Mtaa mmoja huzama, wa jirani hupata matone. Ndiyo maana hata mtabiri hodari hushindwa kuutaja mtaa utakaopigwa.

Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeyapa mawingu majina yanayotumiwa hadi leo na wataalamu wa dunia nzima, wakiwamo wa kwetu, hakuwa profesa wala mtumishi wa serikali. Alikuwa Luke Howard, mtengenezaji wa dawa za hospitali mjini London, ambaye mwezi Desemba 1802 aliwasomea wenzake katika klabu ndogo ya wapenda elimu mada kuhusu aina za mawingu. Kuyatazama mawingu kulikuwa ni mapenzi yake tu tangu utotoni.

Serikali yenyewe iliingia katika shughuli hii baadaye, tena kwa machungu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859, dhoruba iliivunja meli Royal Charter katika pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mkuu wa idara changa ya hali ya hewa wakati huo alikuwa Robert FitzRoy, yule nahodha aliyemchukua Charles Darwin katika meli Beagle. Baada ya maafa hayo FitzRoy alianzisha maonyo ya dhoruba kwa mabaharia, na tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza kwa umma. Utabiri ulipokosea, alichekwa. Mwaka 1865 alijiua, na mwaka uliofuata utabiri huo ukasimamishwa.

Katika idara hiyohiyo alikuwamo kijana aliyeitwa George James Symons, aliyezaliwa mwaka 1838. Yeye hakutaka kutabiri, alitaka kupima. Aliona kwamba hakuna anayeweza kusema kwa uhakika mvua ya nchi ni kiasi gani, na kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kama ya mwaka huu ni nyingi au ni chache. Akaanza kuwaandikia watu waliokuwa na vipimamvua katika bustani zao. Kitabu chake cha kwanza, cha mvua ya mwaka 1860, kilikuwa na vituo 168. Mwaka 1863 aliacha kazi ya serikali ili aishughulikie mvua peke yake. Alipofariki mwaka 1900, vituo vilikuwa zaidi ya 3,000.

Wapimaji hao walikuwa akina nani? Walikuwa mapadri wa vijijini, madaktari, walimu, watunza bustani na mabibi wa majumba makubwa. Kila siku, saa tatu asubuhi, mtu alitoka na chupa yake ya kupimia, akamimina maji yaliyokusanyika, akaandika tarakimu moja katika daftari. Lady Bayning wa Norfolk aliandika mvua tangu mwaka 1835 hadi 1887. Msimu wa sherehe ulipofika na familia ikahamia London, alikichukua kipimamvua chake pamoja na mizigo, akaendelea kupima hukohuko.

Radi nayo ikapata daftari lake. Mwaka 1924, Morris Bower wa mji wa Huddersfield alianzisha sensa ya radi. Aliwaomba watu wa kila kona ya nchi waandike wameisikia ngurumo saa ngapi, umeme ulionekana upande gani, na kama mvua ya mawe ilianguka. Mwaka 1974 Terence Meaden akaanzisha chama kingine cha kuchunguza vimbunga na dhoruba, na mwaka 1982 sensa ya Bower ikaunganishwa nacho. Hivyo yule mtu anayehesabu sekunde dirishani usiku wa Julai ni mrithi wa kazi ya miaka mingi.

Sasa msomaji atauliza: daftari hizo zimemsaidia nani? Tutazame maafa matatu.

Tarehe 15 Agosti 1952, mvua ilishuka juu ya nyanda za Exmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako ardhi ilikuwa imekwisha kulowa. Kipimamvua kimoja kilionyesha milimita 229 katika siku moja. Mito miwili midogo iliyokutana katika kijiji cha Lynmouth ilishuka usiku ikiwa na mawe makubwa na miti, ikabomoa nyumba na madaraja. Watu 34 walikufa.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Julai 1955, kipimamvua cha kijiji cha Martinstown, katika jimbo la Dorset, kilipata milimita 279. Hiyo ni kama robo ya mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam, kwa siku moja.

Na tarehe 14 Agosti 1975, alasiri ya joto, wingu moja lilisimama juu ya Hampstead, kaskazini mwa London. Kituo cha kupimia hapo juu ya kilima ni mali ya chama cha wenyeji wapenda sayansi, ambacho kimekuwa kikipima mvua tangu mwaka 1910. Siku ile walipata milimita 170, karibu zote katika saa mbili na nusu. Kwa asiyezoea hesabu hizi: milimita 1 ni lita 1 katika kila mita ya mraba. Paa la mita 100 za mraba lilipokea lita 17,000, yaani mapipa 85 ya lita 200. Sehemu nyingine nyingi za London hazikupata hata robo ya maji hayo. Kama kile kipimamvua cha raia kisingekuwa pale kilimani, makao makuu yangelazimika kukisia tu.

Maji hayo yaliyopimwa ndiyo wahandisi wanayoyahitaji. Mtaro haujengwi kwa mvua ya kawaida, hujengwa kwa ile inayokuja mara moja katika miaka 20 au 50. Nani anaijua mvua hiyo? Anaijua aliyeandika kwa miaka 50. Katika kitabu cha mvua cha mwaka 1935, mtaalamu E. G. Bilham alizikusanya mvua kubwa za muda mfupi zilizopimwa nchini na kupata kanuni ya kueleza kila moja hutokea mara ngapi. Wajenzi wa mifereji ya miji waliitumia kwa miongo kadhaa. Ilitoka katika chupa za mapadri na watunza bustani.

Mwezi Agosti 2004, karibu siku ileile ya mwaka kama Lynmouth, mafuriko ya namna hiyo yalikipiga kijiji cha Boscastle, katika jimbo la Cornwall. Magari zaidi ya 100 yalisombwa. Safari hii helikopta ziliwahi, watu wapatao 100 wakaokolewa, na hakuna aliyekufa. Sisemi kwamba daftari peke yake ziliwaokoa; ilikuwa mchana, na helikopta ni helikopta. Nasema nchi ile ilikuwa na kumbukumbu ya kile ambacho kijito kidogo kinaweza kufanya.

Kumbukumbu yenyewe ilikuwa karibu kuoza katika makabati. Mwaka 2020, wakati Waingereza wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Profesa Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliwaomba raia wasaidie kunakili karatasi za zamani za mvua katika kompyuta. Walijitokeza watu 16,000. Kwa siku 16 walinakili tarakimu zaidi ya milioni tano. Kwa kazi hiyo, rekodi ya mvua ya Uingereza ilirudi nyuma hadi mwaka 1836, na ikajulikana kwamba mwaka mkavu kuliko yote iliyoandikwa ulikuwa 1855. Miongoni mwa karatasi hizo zilikuwamo za Lady Bayning.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Desemba 2011 mvua iliipiga Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakafa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Wataalamu wetu walisema haijapata kunyesha mvua kama hiyo tangu mwaka 1954. Mimi niliposikia kauli hiyo nilijiuliza jambo moja tu: walijuaje? Walijua kwa sababu mwaka 1954 palikuwa na mtu aliyetoka asubuhi, akasoma kipimamvua, akaandika.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1929 na makao yake Nairobi, haikuwa na watumishi wa kutosha kuijaza nchi. Ilitegemea misheni, shule, mabwana shamba, na mashamba ya mkonge na chai. Kazi ile ilifanywa kwa faida ya mkoloni, hilo halifichiki. Lakini tarakimu ilikwisha kuandikwa, na leo ni mali yetu.

Je, mvua ya mwaka huu inaandikwa na nani katika mtaa wako? Kituo cha uwanja wa ndege kinapima mvua ya uwanja wa ndege. Mvua ya radi, kama tulivyoona Hampstead, inaweza kuuzamisha mtaa mmoja na kuuacha wa jirani mkavu. Mhandisi atakayekuja kuuchimbia mtaa wako mtaro atakuta hakuna kilichoandikwa, naye atakisia. Na mtaro wa kukisia tunaujua, kwa sababu tumekwisha kuuvuka kwa miguu maji yakiwa magotini.

Shule ya msingi yenye kipimamvua kimoja, mwalimu mmoja mwenye moyo na daftari lisilopotea ingeweza kuifanya kazi hii. Watoto wa darasa la tano wanajua kusoma milimita. Hawana haja ya kuipenda radi kama wale Waingereza. Inatosha waisubiri wakiwa na kalamu mkononi.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.