Sheria za Divai ya Chianti

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini mara nyingine kibaya hujivika jina la kizuri, kikauzwa kwa bei yake. Sikilizeni habari za divai nyekundu ya Chianti.

Chianti ni nchi ya vilima katika Italia, baina ya miji ya Firenze na Siena. Divai yake ilisifika tangu zamani, na sifa hiyo ikawatamanisha wadanganyifu. Kwa hiyo tarehe 24 Septemba, 1716, Cosimo III, mtawala wa Toscana, alitoa amri ya kuweka mipaka ya Chianti na ya nchi nyingine tatu zenye divai njema.

Lakini mipaka haionyeshi namna ya kuchanganya zabibu. Jambo hilo lilielezwa na Baroni Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili. Mwaka 1872, baada ya majaribio mengi katika shamba lake la Brolio, alimwandikia mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Pisa. Alisema kwamba zabibu za sangiovese hutia harufu na nguvu, na za canaiolo hulainisha ukali. Malvasia, ambayo ni nyeupe, huifanya divai kuwa nyepesi. Yafaa kwa divai ya kunywewa upesi, bali ile ya kuwekwa miaka mingi haina haja nayo.

Mwaka 1924 wakulima 33 walikutana Radda, wakafanya chama cha kulilinda jina lao. Alama yao ni jogoo mweusi. Hata hivyo, mwaka 1932 serikali ililipanua jina la Chianti hata nchi za mbali, na ile ya asili ikaitwa Chianti Classico. Tena sheria ya mwaka 1967 iliamuru kila Chianti itiwe zabibu nyeupe, sehemu 10 hadi 30 katika kila mia. Onyo la Ricasoli lilisahauliwa. Mkulima aliyeziacha ili divai yake iwe imara alinyimwa jina. Basi wengine waliuza divai bora kwa jina la divai ya mezani tu.

Sheria ikarekebishwa kidogo kidogo. Mwaka 1996 Chianti Classico ilipata kanuni zake yenyewe, na tangu mavuno ya 2006 zabibu nyeupe zimekatazwa humo. Sangiovese lazima zisipungue sehemu 80 katika mia.

Ndivyo tunavyoona kwamba sheria ya kulinda jina haitoshi, isipolinda pia kile kilicholipa jina hilo sifa.