Kujifunza TIG kwa video: kinachofundishika kwenye simu na kisichofundishika

Tangi la dizeli la alumini likipata ufa lori likiwa safarini, mwenye mali ana njia mbili: kuagiza tangi jingine na kusubiri, au kumtafuta fundi anayeweza kuchomelea alumini. Siku za kusubiri zina gharama yake, kwa hiyo wengi huchagua njia ya pili. Fundi anayepatikana mara nyingine hakupitia chuo chochote. Kazi hiyo ameijua kwa kutazama video kwenye simu.

Jambo hilo si la kudharau, wala si la kuamini moja kwa moja. Makala haya yanaeleza njia ya kuchomelea inayojulikana kwa herufi TIG, sehemu ya kazi hiyo ambayo mtu anaweza kuijua vizuri kwa video, sehemu ambayo video haiwezi kumpa, na mambo ambayo msafirishaji anapaswa kuyauliza kabla ya kukabidhi gari lake. Wafanyabiashara wanaovusha mashine na gesi nao watakuta ya kwao mwishoni.

TIG ni nini

Fundi aliyezoea mashine ya vijiti anajua kwamba kijiti chenyewe huyeyuka na kuwa sehemu ya mshono. Katika TIG mambo ni tofauti. Tochi hubeba ncha nyembamba ya tungsteni, metali isiyoyeyuka mpaka joto lifike nyuzi 3,422 za Sentigredi, hivyo ncha hubaki nzima huku umeme ukiyeyusha chuma kilicho mbele yake. Gesi ya argoni hutoka kuizunguka ncha hiyo na kuzuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Mkono mmoja unashika tochi, mkono wa pili unalisha waya wa kujazia, na kwenye mashine nyingi mguu unakanyaga pedali ya kuongeza au kupunguza umeme. Viungo vitatu vinafanya kazi kwa pamoja, ndiyo maana TIG huchelewa kuzoeleka.

Njia hii ilikamilishwa Marekani mwaka 1941 na Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, aliyekuwa akitafuta namna ya kuunga magnesi, metali nyepesi inayoshika moto kwa urahisi. Wakati huo ilitumika gesi ya heli. Leo TIG hutumika zaidi kwenye stenlesi, alumini na mabomba: matangi ya maziwa, vipoza hewa vya turbo, matangi ya mafuta ya malori, mabomba ya viwandani.

Kwa msafirishaji wa Afrika Mashariki, alumini ni suala la hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari iliweka kikomo cha tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.85, ya alumini gramu 2.7. Kila kilo inayopungua kwenye tela au tangi ni kilo ya mzigo unaolipiwa. Lakini anayenunua tela ya alumini anapaswa kujua kwamba fundi wa vijiti wa kando ya barabara hataweza kuitengeneza.

Video zinachofundisha vizuri

Tangu YouTube ilipoanza mwaka 2005, mafundi wazoefu wameweka huko masomo mengi ya kuchomelea bila malipo. Anayetajwa sana kwa upande wa TIG ni Jody Collier wa Marekani, mwenye mfululizo unaoitwa Welding Tips and Tricks. Ipo pia weld.com, yenye masomo kuanzia ya anayeanza kabisa hadi ya mabomba.

Faida kubwa ya video hizi ni macho. Katika karakana ya chuo wanafunzi hawawezi wote kuona kinachotokea mbele ya tochi. Anayeona ni mwalimu mwenyewe na labda mmoja aliyeinama begani kwake. Kamera iliyowekewa kioo cheusi hukionyesha kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kikiwa kikubwa kama sahani. Unaona kinavyotanuka, waya unavyochovywa ukingoni mwake na kutolewa, na umbali kati ya ncha na chuma, ambao kwa kawaida hauzidi sana unene wa ncha yenyewe. Unaweza kurudisha nyuma mara ishirini. Hakuna mwalimu mwenye subira hiyo.

Lugha ni kikwazo, kwa kuwa nyingi ya video hizo ni za Kiingereza, lakini kikwazo kinachogharimu fedha zaidi ni vipimo. Wamarekani hupima gesi kwa futi za ujazo kwa saa, geji zetu nyingi husoma lita kwa dakika. Mwalimu wa video akisema "ishirini" anamaanisha takriban lita 9.4 kwa dakika. Fundi anayeweka geji yake kwenye lita 20 anapoteza mara mbili. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 hutoa takriban lita 10,000 za argoni: kwa lita 8 kwa dakika utadumu karibu saa 21, kwa lita 20 utaisha kwa saa 8 na dakika 20. Juu ya hasara hiyo, gesi inayotoka kwa kasi mno huvuruga hewa na kuivuta ndani ya mshono, kwa hiyo fundi analipa zaidi ili apate kazi mbaya zaidi.

Inchi nazo zinahitaji kubadilishwa. Ncha ya 1/16 ni milimita 1.6, ya 3/32 ni 2.4, ya 1/8 ni 3.2. Kanuni ya kuanzia kwa chuma cha kawaida ni ampea zipatazo 40 kwa kila milimita ya unene, kisha fundi anapunguza au kuongeza kadiri kidimbwi kinavyomwambia.

Anayeanza asikimbilie waya. Ajifunze kwanza kukitembeza kidimbwi peke yake juu ya bati tupu mpaka mstari uwe na upana mmoja, ndipo aongeze waya, na baadaye aje kwenye viungo. Kulisha waya kwa vidole hakuhitaji hata mashine. Mtu anaweza kufanya mazoezi akiwa kwenye daladala au matatu akiwa na kipande cha waya mkononi. Na simu ileile inayoonyesha masomo inaweza kumrekodi yeye mwenyewe, mradi kipande cha kioo cheusi cha kuchomelea kiwekwe mbele ya kamera. Akilinganisha video yake na ya mwalimu ataona mara moja ni wapi mkono wake unatikisika.

Visivyoonekana kwenye skrini

Video huonyesha uso wa mshono. Nguvu ya mshono iko ndani na nyuma. Mshono wenye vilima vilivyopangika kama sarafu zilizolazwa hupendeza sana kwenye picha, lakini unaweza kuwa umekaa juu tu bila kuingia. Njia ya kujua ni kukata kipande cha mazoezi, kukibana kwenye jiriwa na kukikunja kwa nyundo. Fundi aliyejifunza kwa simu na hajawahi kuvunja kazi yake mwenyewe bado hajui anachokijua.

Stenlesi ndiyo inayodanganya zaidi. Upande wa nje unaweza kung'aa rangi ya dhahabu wakati upande wa ndani, uliokosa argoni, umeungua na kuwa chengachenga nyeusi ambazo mafundi huziita sukari. Kwenye bomba au tangi la maziwa chengachenga hizo huficha uchafu na bakteria, na kutu huanzia hapo. Dawa yake ni kupitisha argoni ndani ya bomba pia wakati wa kuchomelea. Mwenye tangi la chakula anapaswa kuuliza swali moja tu: utapitishaje gesi kwa ndani? Asiyekuwa na jibu asipewe kazi.

Kwa kupima uvujaji kuna njia ya zamani isiyo na gharama. Paka chaki iliyolowekwa upande mmoja wa mshono, iache ikauke, kisha paka mafuta ya taa upande wa pili. Mafuta hupenya hata kwenye tundu dogo, na doa litaonekana juu ya chaki. Ikiwa mshono utarudiwa, mafuta hayo yasafishwe kabisa kwanza. Kwa nyufa za juu kuna seti ya makopo matatu ya kunyunyiza, yaani kisafishio, rangi nyekundu na poda nyeupe, ambayo gereji kubwa inastahili kuwa nayo.

Alumini na mtego wa mashine

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi nyembamba ya oksidi iliyo juu yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Umeme wa mkondo geu ndio unaoivunja ngozi hiyo. Mashine yenye mkondo mnyoofu peke yake itachomelea chuma na stenlesi, na alumini itamshinda mwenye nayo. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, maana mashine ndogo za bei nafuu huandikwa TIG kwa herufi kubwa, na maelezo ya mkondo huwa madogo ubavuni. Anayetaka alumini atafute mashine iliyoandikwa AC/DC. Mashine iliyotumika kutoka Marekani iangaliwe pia kama inapokea volti 230, la sivyo itaungua siku ya kwanza.

Waya nao una namba zake. Kwa stenlesi ya 304 hutumika 308L, na kwa kuunga stenlesi na chuma cha kawaida hutumika 309L. Kwa alumini, 4043 na 5356 ndizo zinazopatikana zaidi, lakini hazibadilishani ovyo: matangi ya tela mara nyingi hutengenezwa kwa alumini yenye magnesi nyingi ya kundi la 5000, na hapo 4043 hutoa mshono unaovunjika kwa urahisi.

Kazi za kukataa

Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka unapokuwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na hicho ndicho kiasi kinachoweza kubaki baada ya mafuta kumwagwa. Kusafisha kwa mvuke wa maji, kupuliza hewa na kupima kwa kifaa cha gesi ni kazi ya karakana yenye vifaa na idhini hiyo. Hakuna video inayotosha, na dereva anayeharakishwa na ratiba asikubali kukaa karibu. Tangi la dizeli nalo lisidharauliwe, kwa sababu tao la umeme hulipasha joto hadi mvuke wake uanze kutoka.

Hatari ya pili haijulikani sana, nayo iko katika kila gereji ya malori. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini. Mwanga na joto la kuchomelea vinaweza kuigeuza dawa hiyo kuwa gesi ya fosjini, ileile iliyotumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Dawa ya breki isitumike kabisa kusafisha chuma cha kuchomelea. Asetoni hutosha, nayo iachwe ikauke kabisa na chupa ipelekwe mbali.

Kwa lori lenyewe, betri na plagi za kompyuta ya gari zitenganishwe kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza, maana umeme wa kuwashia TIG unaweza kuiharibu kompyuta. Kibanio cha ardhi kikae karibu na mshono ili umeme usipite kwenye beringi. Rimu za alumini zenye ufa zisichomelewe: joto huondoa sehemu kubwa ya nguvu zilizotokana na matibabu ya kiwandani, na rangi mpya haitaonyesha hilo.

Fundi mwenyewe akumbuke kwamba mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kwa ncha, achague zenye lantani, zenye alama ya dhahabu au bluu, badala ya zile nyekundu zenye thoriamu, ambayo vumbi lake la grenda lina mionzi.

Cheti na mpaka

Ujuzi wa video hauna karatasi, na kampuni za mabomba na matangi hutaka karatasi. Kenya, NITA hutoa majaribio ya ufundi kwa madaraja. Tanzania, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa kazi za kimataifa hutakiwa jaribio la ISO 9606, ambamo TIG hujulikana kwa namba 141. Cheti cha chuma hakimruhusu fundi kufanya alumini.

Kwa wanaovusha bidhaa, mashine za kuchomelea huingia chini ya namba ya ushuru 8515 na argoni chini ya 2804.21. Mtungi wa chuma una namba yake, 7311, kwa hiyo gesi na chombo visiandikwe kama kitu kimoja. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kinahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama tu. Mashine ya China iliyonunuliwa Kampala au Nairobi haifunikwi nacho hata kama risiti ni ya huko. Argoni iliyoshindiliwa husafirishwa kama mzigo wa hatari namba UN 1006, daraja la 2.2: mitungi ifungwe isiviringike, kofia za valvu ziwepo, na isiwekwe ndani ya kebini pamoja na watu, kwa kuwa argoni ikivuja hufukuza hewa na haina harufu ya kumwamsha aliyelala.