Sababu za Wapuritani Kukataa Sikukuu ya Krismasi, 1621–1681

Kundi la kidini linalokataa sikukuu inayopendwa na wengi aghalabu hudhaniwa kuwa linachukia furaha. Insha hii inachunguza dhana hiyo kwa kurejelea Wapuritani wa Uingereza na wa makoloni yake ya Amerika ya Kaskazini. Hoja yake ni kwamba kiini cha mgogoro kilikuwa mamlaka: nani ana haki ya kuitakasa siku?

Kwa Wapuritani, haki hiyo ni ya Mungu peke yake, kupitia Maandiko. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu wala haiagizi iadhimishwe. Amri ya Sabato, kwa upande wake, imetenga siku moja ya ibada na sita za kazi. Hivyo, Krismasi ilionekana kuwa agizo la wanadamu na masalia ya Ukatoliki. Ulevi na kamari za msimu huo ziliipa hoja uzito, lakini hazikuwa msingi wake. Bunge lilipofuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste mwaka 1647, liliwatengea wanagenzi na watumishi Jumanne ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mapumziko. Kilichokataliwa ni utakatifu wa sikukuu, si mapumziko yenyewe.

Hata hivyo, suala la dhamiri lilibadilika lilipopewa nguvu ya dola. Huko Plymouth mwaka 1621, Gavana William Bradford aliwasamehe kazi za Krismasi wageni waliodai kuzuiwa na dhamiri. Alipowakuta mchana wakicheza njiani, aliwanyang'anya vifaa vyao, akawaachia ibada ya nyumbani tu. Mjini Canterbury, Desemba 1647, ghasia zilizuka baada ya meya kuagiza soko lifanyike siku ya Krismasi. Umati ukayashambulia maduka yaliyofunguliwa. Katika koloni la Massachusetts Bay, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi 5 aliyeadhimisha Krismasi, hata kwa kuacha kazi tu. Ilifutwa mwaka 1681.

Kwa kuhitimisha, kujiepusha na sikukuu na kuwazuia wengine wasiisherehekee ni mambo mawili tofauti. Wapuritani walipinga kulazimishwa na kanisa la taifa kushika siku wasizoziamini. Walipopata madaraka, nao wakawalazimisha wengine kuziacha. Mtafiti asipotenganisha mambo hayo mawili, ataihukumu imani kwa makosa ya sheria.