Karatasi Zilizopita Mikese

Aprili 1872 masika yalikuwa yamefurika mabonde ya Mkata, na msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa ukirudi pwani ukitokea Tabora. Katika moja ya mito iliyojaa, mpagazi kijana aitwaye Rojab aliingia majini na sanduku kichwani. Sanduku hilo lilibeba maandishi ambayo David Livingstone alimkabidhi Stanley walipoagana tarehe 14 Machi. Stanley anasimulia mwenyewe kwamba alimwelekezea kijana yule bastola kutoka ukingoni, akamwambia atampiga risasi akiliangusha. Rojab alivuka. Msafara ukafika Simbamwene, ngome ya marehemu Kisabengo iliyosimama ulipo mji wa Morogoro leo, ukakuta mafuriko yamebomoa ukuta wake. Tarehe 6 Mei ukaingia Bagamoyo.

Maandishi ya Livingstone yakaenda Uingereza na ulimwengu ukayasoma. Ya Stanley mwenyewe, yaani madaftari, barua na ramani zake, leo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, mjini Tervuren nchini Ubelgiji, maelfu ya vipande kwa hesabu. Mwanafunzi wa historia kutoka Mikese, karibu na Morogoro, anayetaka kuona mji wake ulivyoandikwa kwa wino kwa mara za mwanzo anapaswa kuomba viza.

Mikese imo katika maandishi hayo. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko, Stanley akielekea bara, alipanga kambi zake njiani, zikiwemo Kingaru, Imbiki, Msuwa na Kisemo, baadaye Mikese aliyoiandika kwa tahajia yake ya kigeni, kisha Muhalleh, kisha Simbamwene. Aliandika saa za mwendo kutoka kambi hadi kambi, maji yalipopatikana na chakula kilichouzwa. Hakueleza nani aliishi hapo na kwa ukoo gani, na si ajabu, kwa kuwa alikuwa na haraka. Lakini katika kipande hichohicho cha njia, pale Muhalleh, alikutana na mfanyabiashara Salim bin Rashid akiteremka pwani na meno ya tembo yapata 300, na huyo ndiye aliyemwambia kwamba amemwona Livingstone Ujiji, akakaa jirani naye kwa wiki mbili. Habari iliyotafutwa na magazeti ya mabara mawili ilikuwa tayari inasafiri kwa midomo ya watu kwenye njia ya Ukami, bila karatasi yoyote.

Hii ndiyo tabu ya historia ya Mikese, na ndiyo inayonifanya niipende. Ni mahali palipoandikwa na wapita njia. Leo ni kata ya Wilaya ya Morogoro kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, karibu kilomita 30 kabla ya kufika Morogoro mjini, milima ya Uluguru ikiwa upande wa kusini. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, Mikese ilipata stesheni. Treni za reli ya kisasa (SGR) zilizoanza safari Juni 2024 husimama Ngerengere, halafu Morogoro, Mikese zinaipita. Kwa hiyo anayetafuta karatasi za mahali hapa asitegemee kukuta jalada moja lenye jina lake. Atalikuta jina katika barua ya mtu aliyekuwa akienda kwingine.

Si wote walioandika njia hii walikuwa Wazungu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, kundi la watu wake lilibeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Tunawajua Chuma na Susi. Jacob Wainwright hatajwi sana, ingawa ndiye aliyekuwa na kalamu. Alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa India, na katika safari ile aliandika shajara kwa mkono wake. Shajara hiyo imehifadhiwa Blantyre, Scotland, katika makumbusho ya mahali alipozaliwa Livingstone, na siku hizi kurasa zake zinasomeka kwenye intaneti. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa hati zenye thamani kubwa kabisa za safari za karne ile katika Afrika Mashariki, na ingestahili kusomwa shuleni kwetu kabla ya Stanley.

Michoro nayo ina hadithi yake. Njia ya zamani zaidi haikupita Mikese bali kusini mwa Uluguru, kwa Zungomero, karibu na Kisaki. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, na Speke akarudi na James Grant mwaka 1860. Grant alikuwa mchoraji mwenye jicho zuri, na michoro yake ya rangi ya maji imo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Robo karne baadaye akaja padri Mfaransa, Alexandre Le Roy, wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wamisionari hao walikuwa wamefungua Bagamoyo mwaka 1868, Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882. Le Roy na mwenzake Étienne Baur walizunguka Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara, na kitabu cha safari hiyo kikachapishwa Ufaransa mwaka 1886. Le Roy alichora alikopita: nyumba, watu, milima, mimea.

Hata hivyo, msomaji ajihadhari na picha za vitabu vya wakati ule. Kilichochorwa kwa penseli huku hakikuchapishwa kama kilivyo. Kilipelekwa Ulaya, fundi asiyewahi kuiona Afrika akakichonga upya kwenye ubao, na kilichoingia kitabuni ni mkono wa fundi juu ya mkono wa mchoraji. Mlima ukawa na ncha kali kuliko ulivyo, mtu akapewa misuli ya sanamu za Kiyunani. Ndiyo maana michoro ya asili ina maana kubwa, na ndiyo maana watafiti wa kweli hufunga safari hadi kwenye hifadhi ya Shirika la Roho Mtakatifu huko Chevilly, nje kidogo ya Paris, ziliko barua na kumbukumbu za wamisionari wa Bagamoyo na Morogoro.

Kwa nyaraka za Kijerumani hatuna haja ya kusafiri mbali. Majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyosalia nchini yako Dar es Salaam, chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Miaka ya 1960 wataalamu wa Kijerumani walisaidia kuyapanga, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1973. Humo mna ardhi, mashamba ya walowezi, kodi, reli, kesi na wafanyakazi. Tatizo ni mwandiko. Mengi yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani wa zamani, ambao hata Mjerumani kijana wa leo huusoma kwa kukwama. Idadi ya Watanzania wanaoweza kufungua jalada la namna hiyo na kulisoma moja kwa moja ni ndogo mno, na hili si jambo la kuachiwa wageni daima. Chuo kikuu kimoja chetu kingeweza kulimaliza kwa kufundisha darasa dogo la kila mwaka.

Utawala ule haukuendeshwa kwa Kijerumani peke yake. Maakida, maliwali na majumbe waliandikiana na wakuu wa wilaya kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi Kiswahili hicho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za namna hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko mzima Ujerumani mwaka 1892 ili maofisa wajifunze kuzisoma. Mtu akitaka kusikia sauti ya wenyeji wa wakati ule, wenye kulalamika, kusihi, kusalimu kwa adabu ndefu kabla ya kutaja kodi, aanzie hapo. Wazee waliosoma madrasa wanaziweza herufi hizo. Wenye digrii wengi hawaziwezi.

Sasa nifike kwenye miaka ambayo Mikese haikuwa mahali pa kupita tu. Tarehe 26 Agosti 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani walikuwa wameondoka kwa kuzunguka milima kuelekea Kisaki, wakiharibu madaraja ya reli nyuma yao. Dar es Salaam ilipoanguka mwezi Septemba na reli kutengenezwa, Waingereza walihitaji mahali pa kushusha mizigo ya jeshi lililokwama kando ya mto Mgeta. Wakaichagua Mikese. Kutoka stesheni hiyo barabara ilikatwa kwenda kusini, ikavuka Ruvu, ikapita Tulo hadi Dutumi. Risasi, unga, dawa na nyama ya makopo ya vita vya Rufiji vilianzia safari hapo. Kikosi cha Nigeria kilichoteremka Dar es Salaam Desemba 1916 kililetwa Mikese kwa treni, kikaanza kutembea. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa Beho Beho katika vita hivyo, na maisha yake yakaandikiwa vitabu.

Kisha masika ya 1917 yakaja, na yalikuwa makubwa. Magari yalizama kwenye tope, wanyama walikufa kwa ndorobo, na mzigo ukarudi kwenye vichwa vya watu. Mpagazi naye hula, na chakula chake kinatoka kwenye mzigo uleule. Kadiri njia inavyorefuka ndivyo kinachomfikia askari mbele kinavyopungua na ndivyo wapagazi zaidi wanavyohitajika. Hesabu hiyo iliua. Watu walipewa unga wasiokuwa na sufuria wala muda wa kuupika, walilala mvuani bila blanketi, wakapata kuhara damu na homa ya mapafu. Daktari wa jeshi Robert Dolbey, aliyefanya kazi katika hospitali ya Morogoro, alichapisha mwaka 1918 maelezo ya vita hivyo ambayo bado yanauma kuyasoma.

Hati kubwa ya mkasa huu ni ripoti ya Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi upande wa Waingereza. Inashughulika na kipindi cha Agosti 1914 hadi Septemba 1919, na imehifadhiwa Nairobi katika Kumbukumbu za Taifa za Kenya. Watkins alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na hilo linaonekana, lakini alipigania chakula kilichopikwa, blanketi, hospitali na mishahara ya watu wake, na aliandika kwa hasira ya mtu aliyezika wengi. Takwimu rasmi za vifo vya wapagazi upande wa Waingereza zilizidi 40,000. Watafiti wengi wanaona idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Morogoro ina makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, yenye majina yaliyochongwa. Wapagazi walio wengi hawamo. Miaka ya baadaye mwanahistoria Geoffrey Hodges aliwahoji wazee wa Kenya waliookoka, na kitabu chake cha mwaka 1986 kinakaa bega kwa bega na ripoti ya Watkins. Kwa watu wa Ukami na Uluguru waliobeba mizigo ya pande zote mbili, kazi ya namna hiyo ilistahili kufanywa hapohapo kwenye barabara ya Mikese.

Waingereza walipotawala walianzisha vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika nasaba za machifu, mila, ramani na mipaka. Kitabu cha Wilaya ya Morogoro ni mlango mzuri kwa anayeanza, mradi akumbuke kwamba kila mzee aliyehojiwa alijua kuwa jibu lake linaweza kumpa au kumnyima cheo. Na katika Uluguru, ambako ardhi hushikwa na ukoo wa upande wa mama, na ambako Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa mvua kabla ya bendera yoyote, swali la nani mkubwa halikuwa swali dogo.

Ardhi hiyohiyo ndiyo iliyozaa jalada lenye moto kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Ripoti za maofisa zinajaa vipimo vya matuta yaliyochimbwa. Wakulima waliona jambo jingine: udongo mzuri wa juu ulifukiwa, ule wa chini usio na rutuba ukabaki juu, mavuno yakaanguka, na kazi ikawaelemea zaidi wanawake. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha uchunguzi wao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, na wasomi wameurudia mkasa huo mara kadhaa tangu hapo, karibu wote kwa Kiingereza.

Aliyekuwa na miaka 15 siku ile ya Matombo sasa amevuka 80. Katika ripoti, watu wa umri wake na mama zao wameitwa wakaidi na wachochewa. Nakala za kurasa hizo zinaweza kutolewa, kufasiriwa na kusomwa mbele ya wazee wa Matombo, Kinole na Mikese, nao wakaulizwa ofisa alipatia wapi na alikosea wapi, majibu yao yakaandikwa na kuwekwa katika jalada lilelile. Afisa utamaduni mmoja na walimu wawili wa historia wanatosha kuianza kazi hiyo, na muda wa kuifanya ni miaka michache tu iliyobaki.